Wati Mia Tatu Hamsini za Shemeji Matonya

Dodoma,
16 Septemba 2024

Dada Anyesi,

Shikamoo.

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wafanyakazi wote wa jengo letu la ghorofa saba, napenda kukutangazia kwamba birika la umeme la ghorofa ya tatu limekamatwa. Limekutwa ndani ya kabati la mafaili, nyuma ya faili la mwaka 2016, likiwa bado la moto. Wati elfu mbili na mia mbili. Mwenyewe hajajitokeza, ingawa mama mmoja wa masjala alikuwa ameshika kikombe na kutazama dirishani kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mkuu wa utawala ameagiza iandikwe taarifa. Taarifa nimeiandika mimi, kurasa mbili, na birika limewekwa ofisini kwangu kama kidhibiti. Chai ninayokunywa sasa hivi nimeichemshia kwenye kidhibiti hicho.

Ndiyo kazi yenyewe siku hizi. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, kitambi mbele na miwani miwili mfukoni, nazunguka chumba kwa chumba na daftari nikihesabu kila kitu chenye waya: taa, feni, viyoyozi, kompyuta, na jokofu la bosi lenye chupa tatu za maji na embe moja. Naandika wati, naandika masaa, nazidisha, najumlisha, ili wakubwa wajue jengo linakula uniti ngapi kwa mwezi na zinaishia wapi. Wakiniona mlangoni watu wanachomoa vitu kama waliofumaniwa.

Nyumbani hatujambo. Violeth anakusalimu, anasema viatu ulivyompa vinambana ila atavivaa hivyo hivyo kwa ajili ya heshima. Binti yetu Anitha yuko chuoni mwaka wa tatu, ananipigia simu siku ambazo ana shida tu, wiki hii hana, kwa hiyo hajapiga.

Sasa barua yako. Kondakta wa basi la Chemba aliponinyooshea bahasha nilidhani nimeshtakiwa. Kumbe ni wewe, umeizima simu ili chaji yote iende kwenye mashine ya shemeji. Dada, simu yako ni wati tano tu. Lakini siwezi kukulaumu, maana mwezi wa nane mimi mwenyewe nilisimama mbele ya nyumba yako kama mgombea ubunge nikasema kila wati ina thamani. Basi tuandikiane. Mwandiko wangu utakufanya ucheke bure.

Nategemea kila kitu kiko kama nilivyokiacha: paneli nne juu ya bati, betri nne kwenye kona, inveta ukutani, na ile karatasi ya hesabu pembeni yake. Mashine ya oksijeni, wati mia tatu hamsini, masaa kumi na sita kwa siku kama daktari wa Mvumi alivyosema, taa, redio, jumla, na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, ZINATOSHA. Nguzo za umeme zikifika kijijini siku moja mtazitazama kwa dharau.

Mwambie shemeji Matonya avute hewa kwa raha zake. Miaka ishirini ya kuvuta vumbi la kokoto inatosha. Na mwambie bado sijakubali kwamba alinishinda bao. Jua lilikuwa linanipiga machoni.

Mdogo wako,
Batholomeo


3 Oktoba 2024

Batho,

Marahaba. Sisi tupo. Kuku wawili wamechukuliwa na kicheche, mbuzi mmoja amezaa. Mama mkwe wangu macho yanazidi kumsumbua lakini bado anamtambua mtu kwa hatua zake. Msalimie Violeth, mwambie viatu vikilowekwa vinalegea.

Barua yako niliisoma kwa sauti. Shemeji yako alicheka ile habari ya birika mpaka ikabidi avae mipira ya pua.

Karatasi yako ilibanduka, gundi haikushika. Ameibandika upya kwa ugali. Wageni wakija anaichukua fimbo anawaonyesha kama mwalimu: hapa mashine, hapa taa, hapa redio, hapa jumla. Akifika kwenye lile neno jekundu anasimama kidogo, halafu anawatazama mmoja mmoja. Wanakuita Injinia. Nimewaambia wewe ni fundi, hawataki kusikia.

Na wageni ni wengi. Tangu uweke sola mgonjwa wetu anajuliwa hali kuliko askofu. Kila anayekuja ana simu mkononi na waya mfukoni. Anakaa, anauliza kifua kinaendeleaje, anachomeka. Mzee Uwesu alikuja na simu mbili na tochi. Siwezi kumwambia mtu aliyekuja kumpa pole mume wangu kwamba achomoe kitu chake.

Nilichotaka kukuambia ni hiki. Ile inveta inalia kabla ya kupambazuka, halafu inazima, na mashine nayo. Imefanya hivyo mara nne ndani ya wiki hii. Jua likishatoka inaamka. Hapo katikati nampepea kwa kanga. Sijui kama kupepea kunasaidia, lakini mikono haiwezi kukaa.

Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Anyesi


Dodoma,
14 Oktoba 2024

Dada Anyesi,

Shikamoo. Pole kwa kuku. Hapa tupo, ila Violeth ameviloweka viatu na sasa vimekuwa vya mtu mwingine kabisa.

Barua yako niliisomea ghorofa ya tano, nimekaa juu ya ngazi ya kupandia nikihesabu taa za dari. Zilikuwa mia moja na nane. Nilipomaliza kukusoma nikawa nimesahau nilipoishia, nikaanza tena, zikawa mia moja na kumi na moja. Nimeandika mia moja na kumi. Ndivyo jengo hili linavyopimwa, usimwambie mtu.

Mwizi wetu nimemjua, ni hao wanaompa shemeji pole. Hebu tuhesabu: simu kumi na mbili, tuseme kila moja wati nane, masaa matatu. Hiyo inakaribia theluthi ya uniti kila siku. Shemeji ananyang'anywa karibu saa nzima ya kupumua ili Mzee Uwesu apate tochi ya kumtafutia mbuzi wake. Kataa, dada. Sema Injinia kakataza. Nisingizie mimi, mimi niko mbali, hawawezi kuninyima ugali.

Hesabu yangu nimeipitia, haina shida. Ukitoa simu mtaona tofauti.

Shemeji anaendeleaje? Uliandika habari za mbuzi, mama mkwe na inveta, yeye ukaandika fimbo tu.

Mdogo wako,
Batholomeo


11 Novemba 2024

Batho,

Marahaba. Mama mkwe anakusalimu. Bado hatujapata mvua ila mawingu yameanza kupita upande wa mashariki. Mbegu za uwele na alizeti tayari zipo.

Simu nimezikataa, tarehe ishirini mwezi uliopita. Nilisema Injinia kakataza. Walicheka, wakafikiri nafanya utani, halafu wakaona sicheki. Mzee Uwesu aliviringisha waya wake polepole sana. Siku hizi hatujuliwi hali.

Akina mama wa jumuiya tulikuwa tumepangana kusafishiana mashamba kabla ya mvua. Ilipofika zamu yangu nilipika uji wa watu tisa, wakaja wawili. Mke wa Uwesu, yule Sikudhani, alisema kisimani kwamba Anyesi anawanyima watu jua. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndoo. Hakuona aibu, akahama kidogo ili nichote.

Lakini mashine bado inazima. Na sasa inazima mapema kuliko mwezi uliopita. Siku nyingine ni saa tisa alfajiri, siku nyingine saa nane.

Umeuliza habari za shemeji yako. Yupo. Anakusalimu. Ana swali, na amesema niliandike kama alivyolisema, nisilipambe: "Muulize Batho, mtu akivuta pumzi kwa nguvu, mashine inakula zaidi?"

Mjibu.

Dada yako,
Anyesi


Dodoma,
9 Desemba 2024

Dada Anyesi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, karibu mwezi mzima. Tumekuwa tukifunga majedwali ya jengo na bosi anataka kuyawasilisha kabla mwaka haujaisha. Tupo salama. Mvua imenyesha mara mbili, barabara ya kwetu imekuwa bwawa la kufugia bata.

Mwambie shemeji kwamba swali lake limetikisa idara nzima. Kuvuta kwa nguvu sina uhakika nako. Ila kukoroma kwake nilikusikia mwezi wa nane nikiwa chumba cha pili, na kwa uzoefu wangu kule hakupungui wati mia. Apunguze kukoroma, tutaokoa umeme wa kutosha kuwasha kanisa.

Karatasi haina kosa. Hesabu ni hesabu. Kama zinapungua, basi ni hivi vitu vidogo vidogo. Ile redio ya shemeji ni ya zamani, izimeni kwa sasa. Na taa ya sebuleni pia, tumieni koroboi kwa muda.

Likizo ikipita nitakuja Krismasi, niitazame kwa macho yangu.

Nafupisha, naitwa kikaoni.

Batholomeo


20 Desemba 2024

Batho,

Marahaba. Salamu kwa wote.

Redio imezimwa tangu tarehe kumi na mbili. Alikuwa akisikiliza taarifa ya habari ya saa mbili na misa ya Jumapili. Sasa Jumapili ananisubiri nitoke kanisani nimsimulie somo. Taa nayo imezimwa.

Mvua zimeanza. Jua linatoka kidogo mchana linarudi. Nashinda shamba kwa sababu tuko nyuma ya watu wote, tunapanda wawili tu, mimi na mama mkwe anayepanda kwa kupapasa. Shemeji yako ndiye ananihimiza niende. Anasema nikikaa nikimtazama ndiyo anachoka. Siku hizi analala amekaa, mgongo ukutani. Nilimuuliza kwa nini, akasema ndivyo anavyopata usingizi.

Anasema hajambo.

Unakuja?

Anyesi


Dodoma,
23 Desemba 2024

Dada Anyesi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama stendi, kondakta anatazama saa.

Likizo imezuiwa. Uwasilishaji umewekwa tarehe ishirini na saba na aliyehesabu taa lazima awepo. Nimeumia, dada. Nimekuwekea mchele, sukari na kitenge cha mama mkwe. Kitambaa cheusi chenye boksi la majani ya chai ni cha shemeji, aseme ukweli kama si chai bora kuliko ya kwenu.

Januari katikati nitakuja, na sitakuja mikono mitupu. Vumilieni kidogo tu.

Krismasi njema kwenu.

Batholomeo


2 Februari 2025

Batho,

Salamu. Matanga yamekwisha, ndugu wa mbali wameondoka, nyumba imebaki na watu wawili. Asante kwa kuja kumzika shemeji yako. Siku ile hatukupata nafasi ya kuzungumza, na hata tungeipata nisingekuwa na la kusema, kwa sababu nilikuwa sijajua ninachokijua sasa.

Angelina, muuguzi wa zahanati, alikuja wiki iliyopita. Uji niliompa aliuweka chini. Halafu akaniambia kwamba mwezi wa kumi na moja Matonya alimwomba amfundishe kuizima mashine bila kuchomoa waya. Akamfundisha, akidhani ni kwa ajili ya dharura. Baadaye akapita hapa mchana mimi nikiwa shamba, akaikuta imezimwa na yeye amekaa midomo imebadilika rangi. Akamgombeza. Matonya akamwambia, na nakuandikia kama Angelina alivyonisimulia: "Karatasi inasema zinatosha. Kama hazitoshi basi ni mimi, navuta kupita kiasi."

Akamwapisha asiniambie.

Kwa hiyo, Batho, alikuwa akiizima kila nilipokwenda shamba na kuiwasha akisikia mbwa ananipokea. Alikuwa anajinyima mchana ili zifike asubuhi. Na lile neno lako la kukoroma hakulichukua kama utani. Nilipokusoma kwa sauti hakucheka, na mimi sikuangalia. Kulala amekaa kulikuwa kwa ajili hiyo, asikorome.

Sasa nikueleze tarehe sita Januari, kwa sababu msibani niliwaambia watu kwamba umeme uliisha. Haukuisha. Nilirudi shamba saa kumi jioni, mvua inatishia. Mbwa alinipokea, sikusikia mashine. Nikaingia, nikamkuta ameegemea ukuta, mkono uko juu ya goti. Mashine ilikuwa imezimwa. Nilipoibonyeza iliwaka. Betri zilikuwa na chaji.

Nimekaa na jambo hili na nimejaribu kulizungusha kila upande. Yeye aliiamini ile karatasi. Mimi niliiamini. Watu tuliogombana nao kwa ajili yake waliiamini. Angelina anataka kuinakili, ana mgonjwa mwingine upande wa pili wa mto ambaye watoto wake wanataka kumnunulia mashine kama ile. Nimemwambia asubiri.

Kwako nina swali moja. Karatasi ilikuwa na kosa? Na kama ilikuwa nalo, ulijua lini?

Simu yangu sasa imejaa chaji siku zote, hakuna kinachoshindana nayo. Usipige. Andika.

Anyesi


Dodoma,
9 Machi 2025

Dada Anyesi,

Shikamoo.

Barua yako niliipata tarehe tano Februari. Hii ni ya sita kuianza. Tano za kwanza zilikuwa na utani ndani yake, nikawa nazichana. Habari za nyumbani sitaziweka, wote wazima, inatosha.

Karatasi ilikuwa na kosa tangu siku ya kwanza.

Nikueleze lilivyo, ili na Angelina aelewe. Kazini kwetu, ukishazidisha wati za kifaa kwa masaa yake, unakipunguza. Unachukua sehemu sita tu katika kumi. Ni kwa sababu watu wa ofisini hawakai ofisini. Huyu yuko safari, yule yuko msibani, yule mwingine kaacha koti kwenye kiti yuko kwenye biashara yake. Kiyoyozi kilichoandikwa masaa manane kinafanya kazi manne na ushee. Nimefanya hivyo kwa maelfu ya vifaa, mkono wangu unaandika sita ya kumi kabla kichwa hakijafika. Nilipokaa mezani kwako mwezi wa nane, uji wako pembeni na shemeji akinitazama kwa heshima ile, nikaipunguza na mashine yake. Kana kwamba naye angekwenda semina.

Wati mia tatu hamsini kwa masaa kumi na sita ni uniti tano na nusu na zaidi kidogo. Mimi niliandika tatu na kidogo. Paneli zile na betri zile zisingeweza hata kwenye jua la Oktoba. Simu ulizozikataa, redio, taa, vyote kwa pamoja visingeziba hata robo ya pengo. Uligombana na kijiji bure, dada. Na mtu kuvuta kwa nguvu au kwa upole, kukoroma au kutokoroma, mashine haijui. Inakula kiasi kile kile. Swali lake lilikuwa na jibu la neno moja na mimi nililijua. Hapana, ndilo neno lenyewe.

Mwezi wa kumi nilikuandikia kwamba hesabu nimeipitia. Niliipitia jumla peke yake, nikaona namba zinajumlika vizuri, nikafunga.

Sasa lile swali lako, ulijua lini. Nilijua tarehe tisa Desemba, saa nne asubuhi.

Bwana Octavian, anayekagua majedwali yetu kabla hayajapanda juu, alinirudishia ukurasa mmoja. Ulikuwa wa kile chumba cha chini chenye kompyuta kubwa ambazo hazizimwi mchana wala usiku mwaka mzima. Nilikuwa nimezipunguza kama vitu vingine. Akaweka kidole pale akaniuliza, "Mzee Batho, na hizi nazo zinakwenda likizo?" Tukacheka. Nikachukua ufutio nikasahihisha, na bado nilikuwa nacheka nilipoikumbuka karatasi yako.

Nakala yake ilikuwa kwenye droo. Niliirudia nyuma ya bahasha. Haikuchukua hata dakika nne. Mlihitaji betri nne zaidi na paneli tatu. Nikatoa karatasi safi nikaandika, Dada, nimekosea. Niliandika maneno hayo mawili, nikaweka kalamu chini. Nilimwona shemeji na fimbo yake, amesimama kwenye lile neno jekundu, na watu wa pale wote wanasikia kwamba Injinia hajui kuzidisha. Sikuogopa kwamba angeumwa zaidi, dada. Ningependa kukuambia kwamba niliogopa hilo. Niliogopa kuchekwa.

Nikapanga nitengeneze bila kusema. Nina rafiki anaitwa Mudrick, ana duka la vifaa vya sola hapa mjini. Nikamwagiza mzigo, akasema utafika baada ya mwaka mpya. Nilitaka nije nao kama zawadi, niufunge, nibadilishe na karatasi, mnishukuru. Ndiyo maana sikuja Krismasi. Likizo haikuzuiwa. Sikuiomba. Uwasilishaji ulifanyika tarehe kumi na tisa na ulichukua nusu saa. Nisingeweza kukaa mbele yake bila betri mkononi na yeye akaniuliza tena lile swali, uso kwa uso.

Betri zilifika kwa Mudrick tarehe kumi Januari. Tulikuwa tumemzika tarehe nane. Siku ile ya mazishi wazee walinipa kiti cha mbele, na mmoja akasimama akasema Injinia huyu alimwongezea shemeji yake miezi minne ya uhai. Niliinamisha kichwa nikasema asante. Nadhani ulinisikia.

Bandua ile karatasi uichome. Angelina mpe hii barua, nyuma nimemwandikia hesabu sahihi, na nimempa Bwana Octavian aikague, mstari kwa mstari.

Kuna jambo moja ambalo hujaniuliza, na nimeona nikikuacha bila hilo nitakuwa nimekuandikia nusu. Ile tarehe tisa Desemba, baada ya kuweka kalamu chini, sikukaa na majonzi. Nilivuta karatasi nyingine nikakuandikia uzime redio, nikaona barua imepoa, nikaongeza ile habari ya kukoroma ili mcheke. Nikamwahi kondakta saa sita. Saa saba nilikwenda kantini, kulikuwa na wali na maharage. Nilikula vizuri kabisa, dada. Niliomba niongezewe.

Mdogo wako,
Batholomeo